Hesabu ya Wagonjwa na Amri ya Nane

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya neno ambalo mwanzo laonekana kuwa la waandishi wa magazeti na matabibu tu, wala si la kanisa. Ndilo hili: magazeti yaandikapo hesabu ya wagonjwa na wafu wakati wa maradhi ya kuambukiza, je, yatosha kwamba hesabu ile ni sahihi? Ama yaweza kuwa sahihi kwa tarakimu, na huku ikamshuhudia jirani uongo?

Hatuulizi kwa kupenda kuwahukumu wengine. Twauliza kwa sababu sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili, na kosa letu tutalieleza hapa bila kulificha, ili lipate kuwafaa wengine.

Ninyi mkaao katika wilaya za Bukoba na Muleba mwakumbuka mwezi wa Machi wa mwaka 2023. Tarehe 16 Mganga Mkuu wa Serikali, Profesa Tumaini Nagu, alitangaza kwamba ugonjwa usiojulikana umeonekana katika kata za Maruku na Kanyangereko, na kwamba watu 7 wameugua, na 5 katika hao wamekufa. Tarehe 21 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba maabara imeutambua ugonjwa wenyewe, nao ni homa ya Marburg. Siku ile hesabu ilikuwa wagonjwa 8, waliokufa 5, na waliokuwa hospitalini 3. Tena walikuwako watu 161 waliotangamana na wagonjwa, ambao walikuwa wakiangaliwa. Tarehe 2 Juni ilitangazwa kwamba maradhi yamekwisha, na hesabu ya mwisho ikawa wagonjwa 9, katika hao 8 wamethibitika kwa maabara na 1 hakuthibitika ila alidhaniwa kwa sababu zenye nguvu. Waliokufa walikuwa 6.

Basi, Jumapili ya tarehe 26 Machi, sisi hapa Kitendaguro tulisimama mbele ya watu baada ya ibada ili kuwaonya. Nia yetu ilikuwa njema. Tulikuwa na karatasi mbili: katika moja tulikuwa tumenakili habari za gazeti la juma lililotangulia, katika nyingine habari za juma lile. Ya kwanza yasema 7, ya pili yasema 8. Nasi kwa haraka tukadhani kwamba hawa 8 ni wapya, mbali na wale 7. Tukawaambia watu, "Ndugu, wameugua kumi na watano, na kumi wamekufa." Hakuna aliyetusahihisha, maana mchungaji akisema hesabu akiwa amevaa kanzu, nani atamwuliza ameipata wapi?

Yaliyofuata tuliyajua baadaye. Sokoni mama mmoja aliyeleta ndizi zake kutoka upande ule wa kata zilizotajwa alirudi nazo zote kichwani, kwa kuwa wanunuzi walisimama mbali naye kana kwamba mikungu yenyewe ina homa. Na mama mwingine, kijana, wa sharika yetu, alikuwa na mtoto aliyeshikwa na homa siku ya Jumatatu. Hakumpeleka zahanati. Alisema moyoni, "Kumi na watano! Zahanati ndiko wanakokusanyika." Akamficha mtoto ndani siku tatu. Mtoto alikuwa na malaria, ugonjwa tunaoujua sote, wenye dawa. Kwa rehema za Mungu bibi yake alifika, akamchukua, akapona. Tulipokwenda kuwasalimu, yule bibi alituambia kwa upole, "Mchungaji, hao saba wa kwanza ulitaka wafe mara ngapi?" Hatukuwa na jawabu. Jumapili ya Mitende tulisimama tena mahali palepale, tukaungama kosa, tukasema hesabu ilivyo. Lakini tuliona kwamba neno la kwanza lilikuwa limekwisha kufika mbali, na la pili lilikwenda likichechemea.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma habari za magonjwa kwa namna nyingine. Twataka kuwaeleza tuliyojifunza.

Neno la kwanza ni hili: hesabu za wagonjwa si za namna moja. Wako wanaohisiwa, maana yake wenye dalili zinazofanana na ugonjwa. Wako waliothibitika, ambao damu yao imepimwa maabarani na ugonjwa ukaonekana. Na katikati yao wako wale wa yumkini, ambao hawakupimwa, pengine kwa kuwa wamekwisha kuzikwa, lakini dalili zao na kukaa kwao pamoja na wagonjwa kwashuhudia habari zao. Sisi watu wa kahawa twapaswa kufahamu upesi. Mtu akileta debe la kahawa mbichi, mwingine debe la kahawa kavu yenye maganda, na wa tatu debe la kahawa iliyokobolewa, je, karani ataandika "madebe matatu ya kahawa" na kuwalipa sawasawa? Hata mtoto atacheka. Walakini magazeti mara nyingi huandika "wagonjwa tisa" bila kusema kama ni mbichi au ni waliokobolewa, na kesho yakiandika "mgonjwa mmoja", wasomaji husema, "Jana walitudanganya," au husema, "Leo wanatuficha."

Ukitaka kuona kwamba jambo hili ni la kale, fungua kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 13. Kuhani akimwona mtu mwenye alama ya kutia shaka ngozini, hakuruhusiwa kumwita mwenye ukoma papo hapo. Ilimpasa kumtenga siku saba, akamtazama tena, na ikiwa shaka bado ipo, siku saba nyingine. Kwa siku zile mtu yule hakuwa mzima wala hakuwa mgonjwa mbele ya sheria, bali ni mtu anayengojewa. Torati ilimpa mahali pake. Gazeti lisilojua mtu wa namna hii humfanya mgonjwa kabla ya wakati, ama humfanya mzima kabla ya wakati, na yote mawili ni hatari kwake na kwa jirani zake.

Yaliyotokea kwetu mwaka 2025 yalionyesha hatari hiyo wazi kuliko yote. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitoa habari ya watu 9 waliohisiwa kuwa na Marburg katika wilaya za Biharamulo na Muleba, na 8 katika hao wamekufa. Mara baada yake Wizara ya Afya ilitangaza kwamba mpaka tarehe 15 wote waliohisiwa na kupimwa hawakuonekana na ugonjwa. Kisha tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika lile, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mtu mmoja amethibitika kuwa na Marburg, na wengine 25 waliopimwa hawakuonekana nayo. Maradhi yalipotangazwa kuwa yamekwisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu 10, ambao 2 walithibitika na 8 walikuwa wa yumkini, waliokufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Wote 10 walikufa.

Tazameni, wapenzi, jinsi juma moja lilivyoleta tisa, kisha hapana, kisha mmoja. Mtu wa Muleba aliyesoma vichwa vya habari tu alisikia kwanza kwamba mauti yamebisha hodi, kisha kwamba hakuna kitu, kisha kwamba yamo ndani. Alijifunza nini? Alijifunza kutokuamini neno lo lote. Hatusemi hapa nani alikosa, maana hatukukaa katika baraza zao. Twasema tu kwamba gazeti lingaliweza kumsaidia kwa maneno machache: kwamba kipimo cha aliye hai hakisemi habari za aliyekwisha kuzikwa bila kupimwa, na kwamba "haujaonekana" si sawa na "haupo". Maneno hayo hayajazi nusu ya safu. Lakini kichwa cha habari hakipendi maneno hayo, kwa kuwa hayapigi kelele.

Wala tusidhani kwamba ni udhaifu wa nchi yetu peke yake. Marburg yenyewe ina jina la mji wa Ujerumani, kwa kuwa ilijulikana kwanza huko mwaka 1967, miongoni mwa watu walioshika nyani waliotoka Uganda kwa kazi za maabara. Waliugua watu 31 huko na katika miji ya Frankfurt na Belgrade, wakafa 7. Na ugonjwa huo ulipoingia Angola katika miaka ya 2004 na 2005, orodha moja yasema waliugua 374 wakafa 329, na orodha nyingine yasema waliugua 252 wakafa 227, maana walihesabiwa upya baadaye na wengine kuondolewa. Orodha zote mbili zimeandikwa na watu wenye elimu. Hesabu kubadilika si dhambi. Dhambi ni kuificha sababu ya kubadilika.

Neno la pili: kila hesabu ina ndugu yake, nayo ndiyo ile ijibuyo swali, "Kati ya wangapi?" Tena ina mahali iliposimama ikihesabu. Sisi wa Bukoba twalijua hili kwa machozi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walikuwa watatu, nao walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera. Watatu ni hesabu ndogo. Mtu angaliweza kuisoma na kwenda zake. Lakini ile ilikuwa hesabu ya waliofika kitandani mwa hospitali na kukutana na tabibu mwenye kujua. Haikuwa hesabu ya vibanja vyetu. Mwaka 1987, wachunguzi walipopita nyumba kwa nyumba na kupima damu, waliona kwamba katika mji wa Bukoba karibu robo ya watu wazima wana virusi. Wale watatu walikuwa kweli, na robo ile ilikuwa kweli, lakini kati ya kweli hizi mbili walilala baba na mama za wengi wetu. Sisi tuliokuwa watoto siku zile twakumbuka jinsi misiba ilivyofuatana, na jinsi ndugu zetu waliosafiri kwenda mikoa mingine walivyotazamwa kwa jicho baya walipotaja kwao.

Tena twapaswa kusema na hili, kwa kuwa halisemwi sana: uchunguzi uliofuata katika mji uleule ulionyesha kwamba kiasi kile kilikuwa kikishuka katika miaka ya 1990. Hesabu ya kushtua husafiri duniani kote. Hesabu ya kupona haina nauli.

Sasa twaja kwenye mashauri mawili yanayopingana, na yote mawili yana watu wema.

Wa kwanza husema, "Heri kunyamaza. Hesabu huleta hofu, na hofu huua kuliko homa." Nao hutaja habari za mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 24, aliyewahesabu watu na tauni ikafuata. Husema, kuhesabu ni kumjaribu Mungu. Lakini ndugu hawa wasome vema. Daudi aliamuru wahesabiwe wenye kushika upanga, apate kujua nguvu zake, na hata Yoabu, mtu wa vita, aliona kwamba si vizuri. Yuko mwingine ahesabuye kwa nia nyingine: mchungaji mwenye kondoo mia. Amejuaje kwamba mmoja amepotea? Kwa kuwa alihesabu. Kama asingalihesabu jioni ile, angalifunga zizi na kulala usingizi mzuri, na yule mmoja angaliliwa. Basi kuhesabu kwaweza kuwa kiburi, na kwaweza kuwa upendo, kwa kadiri ya kile anachokitafuta mwenye kuhesabu.

Na kunyamaza tumekwisha kukuona. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipokuwa umeingia, hesabu za nchi yetu zilisimama karibu na mwanzo wa mwezi wa Mei zikisema wagonjwa 509 na vifo 21, wala hazikutolewa tena mpaka katikati ya mwaka 2021. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka 2020 zilikataza kutangaza habari za milipuko ya magonjwa bila idhini ya wenye mamlaka. Je, hofu iliondoka? Sisi tuliozika twasema, haikuondoka. Ilihama tu kutoka katika magazeti ikaingia katika minong'ono, nako huko haina mhariri wala tarehe wala wa kuisahihisha. Kila msiba ulipewa sababu na jirani. Mtu asiyeambiwa hesabu hujitungia yake, na ile anayojitungia ni kubwa mno au ndogo mno kwa jinsi moyo wake ulivyo.

Wa pili husema, "Tangaza yote, papo hapo, kwa herufi kubwa, maana kweli haina haja ya kungoja." Hao nao wana sehemu ya haki. Mkulima wa Maruku alikuwa na haki ya kujua mapema kwamba kumwosha maiti kwaweza kumwua. Lakini kweli itangazwayo ili gazeti linunuliwe huanza kuchagua: huchukua wafu, huacha waliopona, huchukua jina la kata, huacha kusema kwamba wengi wa wagonjwa wa mwaka 2023 walikuwa jamaa wa ukoo mmoja, pamoja na watumishi wa afya waliowahudumia. Kwa kuacha huko, kata mbili nzima hufanywa kuwa wagonjwa. Hakuna tarakimu iliyo ya uongo, na bado wakazi wa kata mbili wamesingiziwa. Luther alitufundisha kwamba amri ya nane haitukatazi uongo tu, bali yatuamuru kumtetea jirani na kulinda jina lake. Gazeti linaloandika kweli yenye kumvunjia jirani jina bila haja halijaitimiza.

Luther mwenyewe aliulizwa jambo karibu na hili. Mwaka 1527 tauni ilipofika Wittenberg hakukimbia, na kwa wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo aweza kukimbia aliandika jibu refu. Aliyewekewa watu mikononi mwake asiwaache. Lakini pia alikemea wale wanaodharau dawa na kujitia katikati ya watu kwa kiburi, wakiuita ujinga wao imani. Twaona kwamba kati ya kukimbia na kujigamba iko njia nyembamba, nayo haiwezi kutembewa na mtu asiyejua habari za kweli. Kwa hiyo aandikaye hesabu vema awasha taa katika njia ile.

Basi, shauri letu ni lipi? Hatuwezi kuwaamuru waandishi. Lakini katika mitaa mingi mwalimu wa kanisa ndiye gazeti la wasio na gazeti. Ninyi, waalimu na wazee, ndio mnaosimama baada ya ibada na kusema habari. Kwa hiyo twawaomba mshike haya.

Msiseme hesabu bila kutaja siku yake na aliyeitoa. Mseme ni ya wanaohisiwa, au ya yumkini, au ya waliothibitika. Na kama gazeti halikusema, nanyi mseme kwamba halikusema. Msijumlishe habari za leo na za jana kabla hamjajua kama za leo zimekwisha kuzimeza za jana. Hapo ndipo sisi tulipojikwaa. Mwulize kati ya wangapi. Mkitaja waliokufa, watajeni na waliopona: mwaka 2023, katika 9, watatu walipona, nao walirudi nyumbani kuishi kati ya majirani. Mkilazimika kutaja mahali, mwongeze neno la kuwalinda wakaao pale. Majina ya wagonjwa msiyataje kabisa. Tena hesabu isitoke kinywani mwenu peke yake bila la kufanya: mwenye homa aende wapi, maiti asishikwe na nani, mikono ioshwe namna gani. Hesabu bila shauri humwacha mtu gizani na hofu mpya. Na mkikosea, msahihishe mahali palepale, mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile.

Twarudi kwa swali letu la kwanza. Je, hesabu sahihi yaweza kushuhudia uongo? Yaweza, ikikatwa na siku yake, na namna yake, na watu wake. Marburg hupita katika njia za upendo: humpata amwoshaye mgonjwa, amlishaye, amliliaye akimshika. Wengi wa wale tisa walikuwa watu waliokuwa wakiwatunza wenzao. Aandikaye "9" na akakumbuka hilo, ataiandika kwa mkono mwingine kuliko yule aliyeona tarakimu tu.

Yule bibi wa Kitendaguro yu hai, na mjukuu wake yuko shule. Kila tunapopanda kusoma matangazo humwona ameketi benchi la tatu, akitutazama, nasi huisoma karatasi mara mbili kabla ya kufungua kinywa.